Mjomba, Sasa Naitaja Bei ya Haraka

Mpendwa Mjomba,

Duka lipo. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuitikia salamu, nami sina tabia ya kumweka mtu roho juu. Meza ya kuchapia ipo pale pale chini ya dirisha, kamba ya kuanikia fulana imejaa, na mlango nimeupaka rangi ya bluu ambayo wewe usingeipenda hata kidogo. Shikamoo.

Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka. Kwamba wewe haitakufikia, hilo nalijua. Lakini hapa Korogwe wapo waliosema mwanamke ataliua duka la marehemu kabla ya mvua za vuli, na mmoja aliyasema hayo mbele yangu huku nikimchapia kofia. Nao waisome.

Nakumbuka siku ulipokuja Handeni kunichukua. Mama alikupikia bada, ule ugali wa muhogo, kwa mlenda, ukala kimya mpaka ukamaliza, ukanawa, ndipo ukasema, "Dada, huyu nipe mimi." Ulisema kama mtu anayeazima jembe. Mama akacheka akajibu, "Mchukue, ila akirudi na wino mashavuni simpokei." Baba hakubisha. Kwetu mjomba akishasema, baba anabaki kuuliza safari ni lini. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina mbele wala nyuma, na nilikufuata hadi Old Korogwe nikidhani nakwenda kuuza nguo dukani.

Kumbe nakwenda kujifunza kusubiri. Ulinionyesha skrini, lile fremu la mbao lililowambwa kitambaa chembamba, ukaniambia hilo ndilo duka lenyewe na mengine yote ni mapambo. Unalipaka dawa, unalikausha gizani, unalilaza juani pamoja na mchoro wa mteja, unalisuuza kwa maji, na pale penye mchoro kitambaa kinafunguka ili wino upite. Kisha fulana chini, skrini juu, wino, na ile raba ya kuuvutia. "Vuta mara moja tu," ulikuwa ukisema. "Hupaki siagi." Masika unyevu wa mto ulikuwa unatukomesha, dawa haikauki, na wewe unazunguka chumbani ukipuliza skrini kwa mdomo. Sikuwahi kukuambia jinsi ulivyonichekesha.

Fulana zangu za kwanza zilitoka zimepinda. Zilikuwa za kikundi cha akina mama, na jina la kikundi lilipanda kifuani upande upande kama linakwenda Lushoto milimani. Hukunifokea. Ulizichapa upya wewe mwenyewe, zile zilizopinda ukachagua moja ukaivaa, ukaenda nayo sokoni mchana kweupe. Uliporudi ukasema, "Imenikaa vizuri." Uliivaa mpaka ikachanika kwapani. Mambo kama hayo ndiyo yaliyonifanya nikupende, na ndiyo yaliyonifanya baadaye nishindwe kubadilisha chochote chako.

Kwa sababu ulikuwa na sheria zako mbili, na zote mbili zilikuwa nzuri, na zote mbili zilitaka kutufungia duka.

Ya kwanza ilikuwa ya fulana moja. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kazi ya fulana moja na ya fulana mia zinaanza sawa: skrini ile ile, dawa ile ile, kusuuza kule kule. Uliyajua hayo, Mjomba! Uliyasema kwa mdomo wako. Halafu akija mtu anataka fulana moja ya mwanawe, unamtoza kana kwamba skrini imejitengeneza yenyewe. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Mwenye kidogo asione aibu kuja na kidogo chake." Nikarudi kwenye skrini yangu, maana hilo hata shehe asingelibishia.

Ya pili ilikuwa ya msiba. Hiyo uliitoa kwenye mashine ya kusaga. Kule kwetu mtu akifika na debe lake akasema ana msiba, wenye madebe wote wanasogea, hakuna anayeuliza. Wewe ukaileta dukani na kuiongezea chumvi. Mwenye msiba hapangi foleni, wala haraka yake haina bei. Kazi ya mtu mwingine iliyokuwa mezani unaiondoa, unaigeuzia ukutani, na mwenyewe akija kesho yake kuichukua unamwambia wino haujakauka. Hao watu wa wino haujakauka ndio waliokuwa wakilipa pango, Mjomba, na walikuwa wanapungua mmoja mmoja huku wewe ukiendelea kuombewa dua na watu wa msiba.

Ulipofariki, mambo hayo mawili yakaniangukia mimi. Nikasema moyoni, nikibadilisha hata moja nitakuwa nimemzika mara ya pili. Basi nikaendelea vile vile. Lo! Watu wa mji huu wakanipata. Msiba ukawa kila kitu. Fulana za arobaini ambayo siku yake inajulikana tangu mtu alipozikwa, zinaletwa jana yake: "Dada, si unajua ni msiba." Kadi za harusi zimechelewa kwa sababu shangazi wa bwana harusi aliwahi kufiwa, nazo zinaletwa kama msiba. Na wa fulana moja walikuwa na hesabu yao, ambayo kila mmoja aliileta kama kaigundua yeye:

"Nikichapa hamsini ni bei gani?"

Ninamtajia.

"Basi gawa kwa hamsini, nipe hiyo moja yangu."

Nikikataa, nilikuwa naambiwa, "Mjomba wako asingefanya hivyo." Na kweli usingefanya. Hapo ndipo waliponiweza.

Ikafika mahali nikawa nachapa mchana kutwa na jioni nashindwa kununua wino. Muuza spea za bodaboda wa jirani akanusa. Alikuja siku moja na futi yake, hata hodi hakupiga vizuri, akapima chumba kutoka ukutani hadi ukutani, akaniambia meza naweza kuiuza kwa fundi seremala, mbao zake bado nzuri. Aliniomba jibu mapema. Sikumfukuza. Mjomba, hilo ndilo lililonitisha: sikumfukuza. Nilimkaribisha chai.

Nilikwenda kwa mkeo, Mama Zuhura. Nilitaka anikataze kuuza, au aniruhusu, mradi dhambi iwe ya mtu mwingine. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza yote, jinsi nisivyokuwa na moyo wako, jinsi wewe ulivyokuwa unatoa kwa furaha na mimi natoa nikisaga meno. Mama Zuhura akaacha mchele.

"Furaha ipi?" akaniuliza. "Mwanangu, mjomba wako alikuwa anasikia hodi anakimbilia chooni. Mimi ndiye niliyekuwa natoka kusema hayupo. Akishindwa kujificha ndipo anachapa bure."

"Alikuwa na huruma, lakini."

"Huruma alikuwa nayo, Mungu amrehemu. Na uoga pia alikuwa nao. Bei ilikuwa inamkaba hapa." Akashika koo. "Angepata mtu wa kuitaja kwa niaba yake, angemchinjia mbuzi."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, na mchele tukaumwaga kidogo. Nisamehe kwa kuliandika hili mbele za watu. Lakini hujui lilivyoniondolea jiwe kifuani. Nilikuwa nimekubeba kama mtu asiyeguswa, kumbe nilikuwa nimebeba mtu wa kawaida kama mimi, aliyekuwa akisimama chooni kwake kimya akiombea mteja aondoke. Siku ile nilikupenda zaidi.

Nikarudi nikaandika kibao nikakitundika juu ya meza: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA, ILA INA BEI. Watu walikicheka. Nikawaacha wacheke.

Kwa wale wa fulana moja nilitafuta njia ambayo wewe ungeikubali, maana lile neno lako la aibu lilinikaa. Jumatano nikaifanya siku ya kuchangia skrini. Mwenye mchoro wake mdogo anauleta, nasubiri apatikane wa pili na wa tatu wanaotaka wino wa rangi moja na wake, naipanga michoro yao kwenye skrini moja, dawa moja, jua moja, na gharama ya kuianza kazi wanagawana. Asiyetaka kusubiri Jumatano analipia skrini peke yake, na namwambia kwa nini. Kugawa kwa hamsini kumeisha. Watu wetu mchango wanauelewa kuliko hesabu yoyote. Harusi gani hapa haina mchango? Siku hizi wanatafutana wenyewe. Wiki iliyopita muuza maandazi aliyetaka aproni yenye jina lake alikwenda mpaka Kwamndolwa kumsaka mwenye bendi wa kuchangia naye, akarudi naye kwa pikipiki.

La msiba ndilo lililokuwa gumu. Kumtoza mfiwa sikuweza hata kulifikiria. Lakini nikajiuliza, kule mashineni ni nani anayesogea? Si mwenye mashine. Ni wenye madebe. Ruhusa ni yao, na wewe ulikuwa unaitoa kwa niaba yao bila kuwaambia. Basi nikaamua: anayetaka kuruka foleni kwa sababu yoyote ile, msiba au harusi, amwombe mwenyewe aliyeko mbele yake, kwa mdomo wake, hapa hapa dukani au kwa simu nikisikia. Akikubaliwa, analipia haraka kama bei ilivyo; aliyefiwa kweli, hiyo ya haraka nilikuwa naifuta.

Ungekuwepo kuona siku ya kwanza! Aliingia bwana mmoja anahema, kashika fulana za kijani kibegi kizima. "Dada, msiba. Zinatakiwa leo." Mezani kulikuwa na kazi ya Mama Salehe, yule mama wa Kwamndolwa mwenye sauti, sare za harusi ya bintiye, na mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi akizisimamia. Nikamwambia bwana amwombe yeye.

"Innalillahi," akasema Mama Salehe kabla hajaombwa. "Nani tena?"

"Mjomba wangu, mama. Wa Masuguru."

"Masuguru upande gani? Mazishi saa ngapi?" Na tayari alikuwa amesimama, anajifunga mtandio, mkono mmoja unatafuta simu awaambie wenzake wa kikundi cha kuzikana waanze na unga. Mzee Athumani, aliyekuja kuchukua muhuri aliouagiza kwangu, akavaa kofia yake vizuri akasema naye anakwenda, twende pamoja tukamsitiri.

Bwana akaanza kutoka jasho. "Msijisumbue, wazee."

"Kuzika ni kusumbuka?" Mzee Athumani akamtazama vizuri. "Hebu, wewe si mtoto wa Mwanaisha? Mjomba wako ni yule mwenye ng'ombe?"

"Si huyo. Mwingine."

"Mwanaisha nimesoma naye," akasema Mama Salehe, na simu akaishusha taratibu. "Ana kaka mmoja tu. Na huyo kaka maziwa yake nimeyanywa leo asubuhi."

Kisha bwana akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba fulana zilikuwa za bonanza la mpira Jumamosi.

"Basi mfufue mjomba wako," akasema Mama Salehe akikaa, "uje upange foleni nyuma yangu."

Hadithi ile ilifika stendi kabla ya adhuhuri. Tangu hapo misiba ya uongo imekoma dukani kwangu, na mimi sikumwita mtu mwongo hata mmoja. Ilitosha tu kwamba huku kwetu ukitaja msiba watu wanakuja.

Nikaanza kupumua. Wino nikanunua bila kukopa. Lakini nisikudanganye, muuza spea alikuwa bado hajapewa jibu, na mimi bado nilikuwa natembea na shaka moja. Bei nilikuwa naitaja, ndiyo, ila kwa watu wenye raha: wenye bonanza, wenye harusi. Kila nikiitaja nilijihisi mkorofi, na niliona duka la kuendeshwa kwa ukorofi halitanifikisha mbali. Niliona heri niuze kabla roho haijawa ngumu.

Ndipo akaja Baba Neema. Humjui, alihamia Masuguru baada yako, ni fundi wa milango, watu wa milimani, Wakristo. Aliingia asubuhi kapiga pasi shati lake, mkononi picha ya mkewe. Amefariki jana, mazishi kesho. Alitaka fulana nne tu, za watoto wake wanne, zenye sura ya mama yao.

Haraka na uchache, vyote viwili kwa pamoja, Mjomba, na msiba wa kweli juu yake. Mezani, kama kawaida yake, alikuwa Mama Salehe, safari hii na vitambaa vya meza za walima. Baba Neema akamgeukia, akaomba kama sheria ilivyo, kwa maneno machache. Mama Salehe, ambaye hujawahi kumsikia akinong'ona, alinong'ona. "Weka vyangu pembeni," akaniambia. Hakuuliza mazishi ni wapi mpaka baba wa watu alipoketi.

Nikaichukua ile picha. Mama mnene, anacheka, kashika kikapu. Nikasema, "Baba, kwa hii usijali. Ni msiba, hatutozi." Yalinitoka kwa sauti yako kabisa.

Akainua mkono taratibu. "Hapana, mwanangu. Niambie bei."

"Baba, kwetu hapa desturi..."

"Nashukuru kwa desturi. Hospitali nimechangiwa. Jeneza nimechangiwa. Chakula wanapika majirani, na Mungu awabariki, kwa sababu hayo peke yangu nisingeyaweza." Alikuwa akiongea polepole, haangalii mtu. "Lakini tangu nimuoe, nguo zake nimemnunulia mwenyewe. Hii ya mwisho, yenye sura yake, niachieni ninunue mwenyewe."

Mama Salehe akainamisha kichwa. Mimi nilisimama na picha mkononi, na ghafla nikaona kwamba tulikuwa karibu kumnyang'anya kitu, mimi na wewe, na ule wema wetu wa kila siku.

Nikamtajia. Bei ya skrini ya peke yake, bei ya haraka, na bei ya fulana, moja moja, bila kupunguza, kama ambavyo ningemtajia mtu yeyote mwenye nguvu zake. Akaitikia kwa kila moja, akalipa, akakaa kwenye benchi na mgongo wake umenyooka, akisubiri kazi yake kama mteja.

Jua lilikuwa kali siku ile, dawa ilikauka vizuri. Nilivuta raba mara moja tu kwa kila fulana, na kila mara yule mama alitokea anacheka. Nilipomkabidhi alizikunja kwa uangalifu, sura ikitazama ndani, akanishika mkono. "Ahsante kwa kuniuzia," akasema.

Alipotoka nililia, Mama Salehe akanipa ncha ya mtandio wake nijifute, na hakusema neno, jambo ambalo Korogwe nzima haitaliamini. Kilio chenyewe kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo. Sikuwahi kujua kwamba bei inaweza kumpa mtu heshima yake. Wewe uliiogopa maisha yako yote, mimi niliiogopa kwa ajili yako, na kumbe kuna watu walikuwa wanakuja pale mlangoni wakitaka tu tuwauzie kama watu wazima.

Kesho yake nilimwambia muuza spea atafute chumba kingine. Nilimwambia nikiwa nimesimama, meza ikiwa nyuma yangu, na nilitoa sababu moja tu: kazi ipo.

Nakuaga hapa, Mjomba, maana kuna kazi ya watu inanisubiri. Mungu akupe usingizi mwema na akusamehe pale ulipochoka, nami naomba unisamehe kwa ile rangi ya bluu. Sikuogopi tena, na duka silionei tena hofu. Nakukumbuka kwa moyo mweupe.

Ni mimi mpwa wako, mtoto wa dada yako, muuzaji.